Kontrola za mtambo wa barafu na simu yako: nini kipite intaneti, nini kibaki mtamboni

*"Mtaalamu, salaam. Nina mtambo wa barafu na vyumba vitatu vya baridi hapa Igombe, Mwanza. Tunahifadhi sangara na sato, wetu na wa wateja. Kila chumba kina kontrola ya joto yenye skrini ndogo, na jenereta nayo ina kontrola yake, pia pampu inayovuta maji ziwani. Mwezi uliopita umeme ulikatika usiku, jenereta haikuwaka, mlinzi hakujua. Asubuhi chumba kimoja kilikuwa kimepanda sana na mzigo wa watu umelainika. Sasa nataka nione joto kwenye simu nikiwa mjini au Dar, na niweze kuwasha na kuzima. Fundi wa kwanza anasema kontrola zina nyaya za Modbus, ninunue ruta ya laini ya simu, yeye atafungua mlango kwenye ruta nami nitaingia moja kwa moja. Fundi wa pili anasema hizi ni za zamani, niziondoe zote nifunge mpya za Wi-Fi. Mpwa wangu anayesoma kompyuta anasema yote mawili ni hatari. Nimsikilize nani? Na intaneti ikikata, mtambo hautasimama?"*

Pole sana kwa mzigo ule, na zaidi kwa kuwa ulikuwa na wa watu ndani yake. Umeeleza vizuri, nami nitakujibu kwa kirefu.

Majibu mafupi kwanza. Mpwa wako ana sababu ya kuogopa. Fundi wa kwanza amesema kweli kuhusu nyaya, ila njia anayotaka kupitia usiikubali hata akikufanyia bure. Fundi wa pili anakupeleka kwenye gharama usiyoihitaji. Na kuhusu mtambo kusimama, inategemea mfumo utakavyojengwa: ukijengwa inavyopaswa, kompresa haitajua kama intaneti ipo au haipo.

Turudi kidogo kwenye usiku ule. Umeme umekatika, jenereta imegoma, mlinzi yuko getini, wewe umelala. Hata ungekuwa na kitufe cha kuwasha kwenye simu, kisingekusaidia, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyekuamsha. Kilichokosekana ni taarifa. Nalisisitiza hili kwa kuwa karibu kila anayeniletea ombi kama lako huanza na kuwasha na kuzima, wakati fedha nyingi zaidi huokolewa na kusoma. Kusoma ni kazi nafuu na hatari yake ni ndogo. Kuamuru ni kazi nyingine kabisa, nitaifikia.

Sasa hizo nyaya. Kwenye kontrola nyingi za vyumba vya baridi, karibu na sehemu za kuunganishia umeme, utaona skrubu mbili au tatu zilizoandikwa A na B, au alama za kujumlisha na kutoa, mara nyingine 485. RS-485 ni kanuni ya umeme: ishara inabebwa na tofauti ya volti kati ya nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, ndiyo maana haisumbuliwi sana na kelele za mota, na kwa mwendo wa polepole inaweza kufika hadi mita 1,200. Modbus ni lugha inayosemwa juu ya nyaya hizo. Ilitolewa mwaka 1979 na kampuni ya Modicon ya Marekani kwa ajili ya mashine za viwandani, na mpaka leo iko kila mahali: kwenye kontrola za ubaridi, jenereta, mita za umeme, mashine za kuendesha pampu. Ukubwa wa umri wake si kasoro. Kontrola ya "zamani" inayozungumza Modbus ni mali, kwa sababu kifaa chochote cha maana kitaielewa.

Mazungumzo yenyewe ni rahisi. Laini ina mkuu mmoja, na wengine wote hujibu wakiulizwa tu. Kila kontrola inapewa namba, kati ya 1 na 247. Mkuu anauliza: namba 2, nipe kilichomo kwenye rejista fulani, yaani kisanduku kidogo cha kumbukumbu ndani ya kontrola chenye namba moja. Namba 2 inajibu, nyingine zinakaa kimya. Joto halisafiri likiwa limeandikwa nyuzi −18.5, mara nyingi linasafiri kama namba nzima, −185, na anayesoma anatakiwa agawe kwa 10. Rejista ina biti 16, kwa hiyo programu isiyojua kwamba namba hiyo inaweza kuwa hasi itaisoma kama 65351. Siku ukiona simu inakwambia chumba kina nyuzi 6535.1, usimsumbue fundi wa friji. Mwite aliyepanga programu, ni dakika chache kurekebisha. Vilevile rejista zinaweza kuonekana zimeruka kwa moja, kwa sababu vitabu vingine huanza kuhesabu kwenye 0 na vingine kwenye 1. Haya ndiyo yanayowapotezea mafundi siku nzima, nayo yote yamo kwenye kijitabu cha kontrola. Kitafute, au piga picha ya kibandiko chenye modeli upate nakala kutoka kwa mtengenezaji.

Kwenye nyaya zenyewe kuna mambo ambayo fundi asiporidhia kuyafuata, tafuta mwingine. Laini itoke kontrola moja kwenda inayofuata, isigawanywe matawi kutoka sehemu moja. Kwenye ncha zake mbili, hizo tu, iwekwe rezista ya omu 120. Isilazwe pamoja na nyaya nene za kompresa kwenye bomba moja. Na usiogope sana wakichanganya A na B, maana watengenezaji wenyewe hawajakubaliana ipi ni ipi. Kontrola haitajibu, mtazigeuza, itajibu.

Angalizo moja ambalo husahaulika: nimesema laini ina mkuu mmoja. Kama ofisini kwako tayari kuna skrini ukutani inayoonyesha vyumba vyote vitatu, basi mkuu yupo. Ukichomeka kifaa cha pili kinachouliza maswali kwenye laini hiyohiyo, wote wawili watasema kwa wakati mmoja, majibu yatavurugika, na utaanza kupata namba za ajabu zinazokuja na kupotea. Katika hali hiyo unasoma kupitia skrini hiyo, kama ina mlango wa pili wa mawasiliano, au unaiondoa kwenye ukuu.

Hapo ndipo ninapofika kwa fundi wa kwanza na mlango wake. Modbus ilizaliwa wakati mtambo ulikuwa umefungiwa ndani ya kiwanda, na anayeweza kugusa waya ni mwenye ufunguo wa kiwanda. Kwa hiyo haina nenosiri. Haiulizi wewe ni nani. Yeyote atakayefikisha swali, anajibiwa. Yeyote atakayefikisha amri, anatiiwa. Ukiitoa kwenye nyaya ukaiweka kwenye intaneti kupitia mlango namba 502 (mlango hapa ni namba tu ambayo kifaa hupokelea mawasiliano), ambao ndio mlango wake wa kawaida, umeiacha kontrola yako mbele ya dunia nzima ikiwa tayari kutii. Wala usijifariji kwamba hakuna anayekujua Igombe. Hawatafuti jina lako. Zipo huduma kama Shodan, iliyoanza mwaka 2009, zinazopita kwenye anwani za intaneti kila siku na kuorodhesha vifaa vilivyojibu.

Yametokea. Novemba 2023, kituo cha maji cha Aliquippa, Pennsylvania, kilivamiwa kupitia kontrola ya kampuni ya Unitronics iliyokuwa ikifikika kutoka intaneti, na mamlaka za Marekani zikaonya kwamba kontrola za aina hiyo zilikuwa zikiingiliwa kwa nenosiri la kiwandani ambalo wenyewe hawakuwa wamelibadilisha. Wafanyakazi waliokoa hali kwa kuendesha mtambo kwa mkono. Januari 2024, mjini Lviv, Ukraine, katikati ya baridi kali, programu iliyokuja kuitwa FrostyGoop ilituma amri za Modbus kwa kontrola za mfumo wa kupasha joto majumba, na majengo zaidi ya 600 yakakosa joto kwa karibu siku mbili. Amri zilizotumwa zilikuwa za kawaida tu, zilezile ambazo fundi mwenyewe angezituma.

Kuna na sababu ya pili ya kumkatalia, nayo ni ya kiufundi tu. Laini ya kawaida ya simu mara nyingi haina anwani yake ya peke yake kwenye intaneti. Kampuni ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kwa hiyo anayetoka nje hana namna ya kukufikia hata ufungue milango yote ya ruta. Fundi atafungua, haitafanya kazi, kisha atakwambia ulipie anwani maalumu. Utakuwa umelipia zaidi ili uwe hatarini zaidi.

Njia sahihi inageuza mwelekeo. Badala ya simu yako kuingia mtamboni, mtambo ndio utoke. Katikati unaweka kisanduku kimoja, mafundi wanakiita getiwei. Upande mmoja kina nyaya za RS-485, upande wa pili kina laini ya simu au waya wa intaneti. Mfikirie karani wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, anayepita mtumbwi kwa mtumbwi, anauliza kila mmoja umekuja na kilo ngapi, kisha anapeleka hesabu mjini. Mnunuzi wa mjini anaiona hesabu, ila hapewi nafasi ya kupanda mtumbwi. Getiwei ndiye mkuu wa laini yako: inauliza kontrola zote, inageuza −185 kuwa −18.5, inaweka saa na tarehe, kisha yenyewe inapiga kwenda kwenye seva na kukabidhi. Hakuna mlango uliofunguliwa kwako. Na kwa sababu mtambo ndio unaopiga, haijalishi laini yako ina anwani ya namna gani.

Kwa safari hiyo ya kutoka, lugha ninayokushauri ni MQTT. Ilibuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark wa IBM pamoja na Arlen Nipper, kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, mahali ambapo mawasiliano ni ghali na yanakatika. Hali hiyo unaijua. Getiwei inatuma ujumbe mfupi kwa seva ya katikati iitwayo broka, ukiwa na kichwa chake, tuseme igombe/chumba2/joto. Simu yako imejiandikisha kwa broka kwamba inataka vichwa hivyo, basi inaletewa. Vinavyotuma na vinavyopokea havifahamiani, kila kimoja kinamjua broka tu, na broka apangwe adai jina na nenosiri la kila mmoja. Mazungumzo yote yafungwe kwa usimbaji wa TLS. Mlango wake wa kawaida ni 8883. Fundi akikuwekea 1883, huo kwa kawaida ni ule usio na usimbaji, maneno yako yanapita wazi njiani. Muulize swali hilo moja kwa moja.

Usiogope bando. Ukituma ujumbe mmoja kila dakika wenye vipimo vyote, tuseme baiti 500 pamoja na vifungashio vyake, ni ujumbe 1,440 kwa siku, yaani chini ya MB 1. Kwa mwezi ni kama MB 22. Kinachokula bando ni kamera, na kamera usiziweke kabisa kwenye laini hii.

MQTT ina kitu kimoja ninachokipenda sana kwa watu wenye shida kama yako. Getiwei inapojiunga na broka, inaacha wosia: nikipotea bila kuaga, watangazie hivi. Mtandao ukikata au kisanduku kikizimika, broka anasubiri muda mliokubaliana, kisha anautangaza wosia. Kwa hiyo hata ukimya wa mtambo unakufikia kama taarifa. Mfumo usio na hili ni mbaya kuliko kutokuwa na mfumo, kwa sababu simu inaendelea kukuonyesha −18 ya saa nne zilizopita nawe unalala ukiwa na amani. Ukikagua kazi ya fundi, chomoa antena ya getiwei usubiri. Kama simu haikulalamika, hajamaliza kazi.

Sasa nini cha kusoma? Joto la vyumba ni wazi. Lakini ukinisikiliza, kipimo cha kwanza nitakachokuwekea ni volti ya betri ya jenereta. Sijui kilichoizuia kuwaka usiku ule, fundi wake ndiye atakwambia, ila betri dhaifu ni mojawapo ya sababu za kawaida kabisa za jenereta kugoma. Kontrola nyingi za jenereta huisoma volti hiyo na kuiweka kwenye rejista. Betri ya volti 12 iliyo kwenye chaja yake muda wote inatakiwa ionyeshe zaidi ya volti 13. Ikianza kuonyesha 12.2 wakati umeme upo, maana yake chaja imekufa au betri inakwenda, na unajua hilo siku kadhaa kabla ya umeme kukatika. Taarifa hiyo ndogo ina thamani kuliko grafu zote nzuri za joto.

Kwa vyumba, ongeza kihisi cha pili kisichotegemea kontrola, kiwe katikati ya maboksi ya samaki. Kihisi cha kontrola kipo hewani. Mlango ukifunguliwa kupakia gari, hewa inapanda haraka. Kontrola ikiyeyusha barafu kwenye evaporeta, yaani yale mabomba yenye feni yanayopoza hewa ya chumba, inapanda tena. Ukiweka kengele ilie mara tu hewa ikipita −15, italia mara nyingi kwa siku, na baada ya wiki mlinzi atakuwa ameizoea kama sauti ya jenereta ya jirani. Samaki wa kugandishwa anatakiwa akae −18 au chini ya hapo; mwache muda wa kuvumilia, tuseme hewa ikae juu ya −15 kwa dakika 30 mfululizo, ndipo simu iite. Takwimu hizo zirekebishe kadiri unavyoujua mzigo wako.

Getiwei yenyewe iwe na betri. Ni kosa ninaloliona mara nyingi: kisanduku cha kutoa taarifa ya umeme kukatika kinalishwa na umeme uleule wa TANESCO, unakatika nacho kinakufa. Betri ndogo ya volti 12 na chaja yake inatosha saa nyingi. Weka pia njia ya pili ya taarifa. Getiwei nyingi za laini ya simu zinaweza kutuma SMS, na SMS mara kwa mara hupita wakati data imegoma. Na king'ora kimoja pale pale kwa mlinzi, kinachopigwa na kontrola bila kupitia intaneti. Wewe uliye Dar unaweza kujua, lakini mwenye miguu karibu na jenereta ni yeye, kwa hiyo mfundishe hatua mbili tatu za kufanya, ziandike ukutani, na namba za simu za mafundi.

Nimefika kwenye kuwasha na kuzima. Fikiria unabonyeza "washa" ukiwa Dar. Mtandao unasuasua, hakuna kilichobadilika kwenye simu. Unabonyeza tena. Unabonyeza "zima" ukiona umekosea. Dakika tatu baadaye amri zote zinafika pamoja. Kompresa haipendi kuwashwa na kuzimwa papo kwa papo. Inahitaji dakika kadhaa za kupumzika kati ya kuzimika na kuwaka. Fikiria pia fundi ameingiza mkono kwenye feni ya evaporeta, na wewe huna habari.

Kuna mtego mwingine uliojificha ndani ya MQTT yenyewe. Ujumbe unaweza kutumwa ukiwa na alama ya kuhifadhiwa, ili kila anayejiunga upya aupate. Kwa joto ni vizuri. Kwa amri ni balaa: "washa pampu" ya juzi itarudi kila getiwei inapojiunga tena baada ya mtandao kukata, na pampu itawaka yenyewe saa nane usiku. Amri zisihifadhiwe kamwe, na kila amri ibebe saa yake, ili getiwei ikatae iliyochelewa zaidi ya, tuseme, sekunde 30.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Uamuzi wa kuwasha na kuzima kompresa ubaki kwa kontrola iliyopo chumbani, kama ulivyo leo. Simu yako isiwe na "washa" na "zima" za kompresa. Iwe na uwezo wa kuomba: shusha joto la kulenga la chumba namba 2 hadi −20. Getiwei iwe na mipaka iliyoandikwa ndani yake, tuseme kati ya −18 na −22, na ikatae chochote nje ya hapo hata kikitoka kwenye simu yako, maana simu huibwa. Baada ya kuandika rejista, iisome tena na kukuletea iliyosomwa, si uliyoomba. Pampu ya maji ndiyo ningekubali iwashwe kutoka mbali, kwa sharti kwamba kinga ya kukosa maji na kinga ya mota zipo kwenye paneli na hazipitii intaneti. Na kila kitu kinachoweza kuamriwa kiwe na swichi ya mkono kwenye paneli yenye nafasi ya "mkono", "zima" na "otomatiki". Fundi akiigeuza kwenye "zima" na kuweka kufuli, hakuna simu duniani inayoweza kuishinda, kwa kuwa imekata waya wenyewe.

Ukijenga hivyo, swali lako la mwisho limejijibu. Intaneti ikikata, kontrola zinaendelea. Getiwei inaendelea kuuliza na kuhifadhi vipimo pamoja na saa zake, mtandao ukirudi inavituma vyote, na unapata historia isiyo na pengo ya kumwonyesha mteja.

Radi. Ziwa letu ni mojawapo ya sehemu zenye dhoruba nyingi za radi duniani, na nyingi huja usiku. Waya mrefu unaotoka chumba cha baridi kwenda kwenye pampu ya ufukweni unapokea msukumo wa radi iliyopiga mbali kabisa, na kontrola zote zilizo juu yake zinaweza kuondoka pamoja. Nunua getiwei ambayo mlango wake wa RS-485 umetengwa kiumeme, weka vizuia radi kwenye ncha za waya unaotoka nje, na kwa ile pampu ningependelea redio au waya wa nuru (fiber) badala ya shaba. Hapa usibane fedha.

Kuhusu uchague nini, nikuwekee wazi. Kama ungekuwa na chumba kimoja tu, ningekwambia nunua kifaa cha kengele cha laini ya simu kinachotuma SMS joto likipanda na umeme ukikatika, ukalale. Kwa vyumba vitatu, jenereta na pampu, umeshavuka hapo. Mtengenezaji wa kontrola zako pengine anauza getiwei yake pamoja na huduma ya mtandaoni ya kulipia kila mwaka. Hiyo ni rahisi kufunga na rejista anazijua mwenyewe, ila unabaki mikononi mwake, na kontrola ya jenereta ya kampuni nyingine huenda asiitambue. Kompyuta ndogo aina ya Raspberry Pi anayoweza kuipanga mpwa wako ni nafuu na inafundisha mengi. Udhaifu wake ni kadi ya kumbukumbu, ambayo huharibika umeme ukikatika ghafla, na kwamba akihamia kazini kwingine hakuna anayejua alichokipanga. Getiwei ya kiviwanda inayojua Modbus na MQTT, ya kufungwa ndani ya paneli, ndiyo ningeichagua kwako. Wi-Fi ya fundi wa pili sioni faida yake: kuta za vyumba vya baridi zimefunikwa bati, mawimbi hayapiti vizuri, na kontrola nyingi za aina hiyo hutegemea seva ya mtu usiyemjua. Kama fundi wako anahitaji kuingia kwenye getiwei kutoka mbali kufanya matengenezo, aingie kwa VPN, yaani njia ya faragha iliyosimbwa ndani ya intaneti, WireGuard kwa mfano, na umfungulie pale tu anapohitaji.

Anza kwa kusoma tu. Kaa hivyo masika moja nzima, uone mfumo unavyovumilia mvua, radi na mtandao kukata. Ukishauamini ndipo uongeze maombi ya kubadili joto.

Akaunti ya broka na ya laini ziandikishwe kwa jina lako na barua pepe yako, usikubali ziwe za fundi. Badilisha nenosiri la kiwandani la ruta na la getiwei siku ileile ya kufunga. Kila mtu awe na lake, ili mfanyakazi akiondoka umfute yeye peke yake. Getiwei isikae kwenye mtandao mmoja na Wi-Fi ya ofisi inayotumiwa na wageni. Dai nakala ya orodha ya rejista, namba za kontrola na mpangilio wote wa getiwei, uiweke kabatini. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamwadhibu anayeingilia mfumo wako bila ruhusa, lakini samaki walioharibika hairudishi.

Yapo ambayo maandishi yangu hayawezi kukusaidia, na usijaribu bila mtu kufika. Paneli ya kompresa ina umeme wa volti 400. Aifungue fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na umeme uwe umezimwa kwenye swichi kuu. Kama mtambo wako wa barafu unatumia gesi ya amonia, asiguse mtu yeyote chochote cha udhibiti wake kabla mhandisi wa mitambo ya ubaridi hajauona, kwa sababu kosa la hapo linaumiza mapafu ya watu. Breka ikianguka mara kwa mara, ukinusa waya ulioungua, au kontrola zikianza kujizima baada ya dhoruba, ita fundi siku hiyohiyo na usahau intaneti kwanza. Na kabla ya yote haya, wiki hii, mwite fundi wa jenereta aipime betri ikiwa inabeba mzigo, kisha azime swichi kuu mchana kweupe mkiwa wote mmesimama pale, muone kama inawaka yenyewe.